Kiti cha Mkuu wa Zamu

Inspekta hakuwa mtu wa kukimbia. Vijana wa kituoni walimwita Kobe, kwanza kwa siri, kisha hadharani, na mwisho mama wa watu mwenyewe akaanza kupokea simu hivyo: "Kobe hapa, sema." Basi mchana ule Kobe alishuka kwenye gari mbele ya hospitali, akatengeneza mkoba begani, akasimama akiwatazama wanaoingia na wanaotoka kana kwamba hana miadi na mtu.

Na haraka ilikuwepo. Mkuu wake alikuwa amemwambia, "Yule binti aliyezima kompyuta za hospitali, nataka awe mahabusu kabla ofisi hazijafungwa. Amri imetoka kwa jina lake. Unatafuta nini tena?"

"Sababu."

"Sababu ataitolea huko huko ndani."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jana yake, jua likiwa utosini, kompyuta zote za hospitali zilizimika kwa mpigo mmoja. Wodi zikapofuka. Daktari aliyekuwa anasoma dawa za mgonjwa akabaki anajitazama uso kwenye kioo cheusi. Wauza dawa wakafunga dirisha, watu wakawa wanaligonga. Na katika chumba cha upasuaji kulikuwa na mama mezani, tumbo wazi, damu inamtoka kuliko ilivyotarajiwa. Alipona, lakini alipona kwa kupenya kwenye tundu la sindano. Mafundi walipowasha tena mitambo wakagundua kwamba haikuanguka yenyewe. Iliamriwa izimike. Amri ilitoka kwenye kiti cha mkuu wa zamu, kwa jina la binti ambaye hospitali nzima ilimwita Kidoti kwa sababu ya alama yake nyeusi shavuni.

Kidoti alikuwa amewekwa kwenye stoo ya mashuka, mlinzi mlangoni. Joto lilikuwa la kukaanga mtu, naye alikuwa amejifunga sweta nene mpaka shingoni.

"Unaumwa?" Kobe aliuliza, akivuta kibao cha kukalia.

"Hapana, afande. Kule kwetu ndani kuna baridi, mashine haziwezi joto. Tukitoka tunasahau kuvua."

"Haya, vua, tuongee. Nieleze kazi yako kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu mpaka leo anajua nachapa barua." Kidoti alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likakumbuka lilipo, likaondoka. "Sisi ni waendeshaji mitambo, afande. Ni kama mtu aliyeachiwa jiko lenye sufuria nyingi. Hii isimwagike, ile isiungue. Kule ndani kuna kompyuta kubwa, seva tunaziita, na wodi zote zinachota habari humo. Sisi tunazitazama. Kengele ikilia tunajua nani analia na analilia nini. Tunaweka nakala, ili mashine ikifa isife na habari za wagonjwa. Na kikitakiwa kuzimwa kitu kitengenezwe, sisi ndio tunazima na sisi ndio tunawasha."

"Watu wanawashukuru?"

"Watu wanatukumbuka siku sufuria imeungua."

"Ukitaka kuzima, unaanza na nini?"

"Naandika maneno mekundu. Yanatokea juu kwenye kila skrini hospitali nzima: tunazima, hifadhini kazi zenu. Zamani walikuwa wanapiga simu wodi moja moja. Nilipopewa ukuu wa zamu nikaukomesha ule mtindo, maana ukifika wodi ya mwisho ya kwanza wameshasahau."

"Na jana hukuandika?"

"Jana sikuzima! Nilikuwa getini na mume wangu. Mlinzi ametuona, ametusikia, hata wauza maua wa ng'ambo ya barabara wametusikia."

"Wakubwa wanasema unaweza kuitega amri ijitekeleze ukiwa umeshatoka, kama mtu anavyotega saa ya kumwamsha."

Kidoti aliinamisha macho. Lilikuwa kweli, na aliyelisema aliijua kazi.

"Ulifunga skrini ulipoinuka?"

"Nilifunga."

Kobe alifungua mkoba. Alitoa leso, akajifuta shingo, akaikunja leso pembe kwa pembe, akairudisha mkobani. Mlinzi mlangoni akakohoa. Kobe akaitoa leso tena, akaanza upya.

"Sikuifunga," Kidoti alisema.

"Sheria inasemaje?"

"Inasema ufunge. Lakini Mjomba alikuwemo. Si mjomba wa damu, afande. Kila mtu humwita hivyo. Ni mwenzangu wa zamu, ndiye aliyenifundisha kazi nikiwa sijui hata pa kuwashia. Sasa unainuka kidogo tu, mwenzako yupo, unamfungia skrini? Kengele ikilia ashike nini? Na ni tusi. Ni kama kufunga kabati la vyombo mbele ya mama mkwe."

"Amekufundisha kazi, na kiti cha mkuu ukapewa wewe."

"Walinipa, sikuomba."

"Alisemaje?"

"Alinipongeza mbele ya watu. Akaniletea na mto wa kukalia, kwa sababu kile kiti kina shimo katikati." Kidoti aliinua uso. "Afande, Mjomba ni mzazi kwangu. Usielekee huko."

"Mimi sijaelekea popote, binti yangu. Mimi Kobe, nikielekea utaniona tangu mbali. Mlikuwa mnagombania nini getini?"

"Wivu. Wivu ndio mke mwenzangu mle nyumbani. Unalala nasi, unaamka nasi, unatupangia na safari."

Mume mwenyewe alikuwa bado hapo getini, ameketi juu ya kizuizi cha maua, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa seremala. Alimwona Kobe anakuja akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Mnampeleka?"

"Wewe unataka apelekwe?"

"Nataka arudi nyumbani. Heri wamfukuze kazi, arudi nyumbani, basi."

"Kwa hiyo umepata ulichotaka, nusu yake."

Seremala alielewa alipokuwa anasukumwa. Mikono yake mikubwa ikashikana. "Nilitaka aiache kazi hii, sikatai. Mke anatoka asubuhi ananukia sabuni, anakwenda kufungiwa chumba cha baridi na mwanamume. Ungekuwa wewe?"

"Huyo mwanamume unamjua?"

"Simjui."

"Unamwonea wivu mtu usiyemjua?"

"Ningemjua ningemzoea."

Kobe aliuma midomo asicheke. "Jana ulikuja kwa nini? Muda wa kazi, umeacha mbao zako."

"Niliitwa. Simu ililia karakana. Mtu akaninong'oneza: mkeo anacheka na mwanamume kwenye chumba cha baridi, njoo umwite getini uone anatoka na uso gani."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mnong'ono hauna jinsia, afande."

"Namba?"

"Ya hospitali. Lakini simu zote za hospitali zinatokea kwa namba moja, hilo nimeuliza. Nilidhani ni mke wa huyo bwana, mwenzangu katika maumivu."

Kobe hapo alimtazama vizuri. Mtu mwenye wivu wa namna ile angeweza kumkokota mkewe getini ili mwingine afanye kazi ndani. Lakini angeshirikiana na nani, wakati ndani hakumjua hata mmoja, na aliyekuwemo ndiye aliyekuwa anamchukia?

"Nyuma ya huo mnong'ono ulisikia nini? Watoto, magari, wagonjwa?"

Seremala alifumba macho. "Mvumo. Mimi mashine nazijua kwa sauti, ndio maisha yangu. Haukuwa msumeno, haukuwa gari. Feni. Feni nyingi ndogo zinazunguka pamoja, kama nyuki ndani ya mzinga." Alifumbua macho. "Kwani ni wapi kuna feni nyingi hivyo?"

"Kaa hapo hapo," Kobe alisema. "Na ukiona mwanamume yeyote anaingia au anatoka, usimpige."

Alikatiza wodi ya wazazi, akauliza: jana mliambiwa chochote kabla ya kuzimika? Hatukuambiwa, tulishtukia giza. Akauliza dirisha la dawa, jibu lile lile, pamoja na laana mbili juu yake. Akafika chumba cha upasuaji.

Muuguzi mkuu wa pale, Sista, alikuwa anasugua mikono mpaka viwikoni. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno.

"Nimeshahojiwa," alisema bila kugeuka. "Mkurugenzi, mafundi, polisi wawili. Ndiyo, kompyuta ilizimika. Ndiyo, mama alikuwa mezani. Ndiyo, tulimuongezea damu, amepona. La nne lipo?"

Kobe alisogea mlangoni. Alikuwa anatazama ukuta kando ya mlango. Palikuwa na kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, kimebandikwa sawa na macho ya mtu aliyesimama. Juu yake mtu alikuwa ameandika kundi la damu kwa kalamu nzito, na chini yake neno moja: mzio, na jina la dawa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya huyo huyo mama wa jana. Sijapata nafasi ya kuibandua."

"Kama skrini ilikuwa nyeusi, ulinakili kutoka wapi?"

Sista alifunga bomba. "Kutoka kwenye skrini. Kabla haijazimika."

"Ulijuaje kwamba itazimika?"

"Mitambo walipiga simu."

Maji yalikuwa yanadondoka viwikoni mwa Sista.

"Mbona hukusema?"

"Nani ameniuliza? Wote wamekuja kuniuliza kama kompyuta ilizimika. Nikawaambia ilizimika."

"Walisemaje simuni?"

"'Shikeni kalamu.' Ndivyo walivyokuwa wanasema tangu zamani. Ukisikia shikeni kalamu, unanakili lile ambalo ukilikosa mtu atakufa. Msaidizi ndiye aliyepokea, akanipigia kelele kutoka mlangoni, nami nikamwambia aandike kwenye plasta maana karatasi hazikuwepo karibu." Alichukua taulo. "Nilidhani wamerudisha mtindo wa zamani, na moyoni nikashukuru. Yale maneno yao mekundu ni mazuri kwa mtu aliyekaa ofisini. Mimi mikono yangu ikiwa tumboni mwa mtu, skrini nitaitazama kwa macho gani?"

"Walijuaje kwamba mna mtu mezani?"

"Tunawaambia kila tunapoanza. Nani atakayekaa Mitambo asijue? Ndiyo kazi yao."

Kobe aliibandua ile plasta taratibu, asiiache kona, akaiweka kwenye bahasha. Mtu anayetaka kuumiza hospitali hawezi kuita wodi moja kuionya. Mume mwenye wivu hajui kama kuna mtu mezani. Na Kidoti, angekuwa yeye, angeandika mekundu, au asingeandika kitu.

"Sista, simu hii ikilia tena leo kutoka Mitambo, nakuomba upokee mwenyewe. Usikate."

"Wanazima tena?"

"Hapana. Lakini pokea."

Mlango wa Mitambo ulikuwa mzito kama wa ghala la barafu. Kobe alipouvuta, baridi ilimpokea usoni na mvumo ukamjaa masikioni. Nyuki ndani ya mzinga, seremala hakukosea. Nyuma ya Kobe aliingia Kidoti na mlinzi wake.

Mjomba alikuwa peke yake mbele ya safu ya skrini. Mtu mzima, nywele zimeanza kuota mvi, koti la sufu lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Alikuwa amekalia kiti cha mkuu wa zamu. Mto ulikuwa chini ya meza, umepigwa teke mpaka ukutani.

"Karibuni, karibuni. Mwanangu, pole." Alisimama nusu, akakaa tena. "Afande, huyu nimemlea mimi kwenye kazi hii. Roho inaniuma. Lakini ujana una haraka, na cheo kikija mapema ni kama kiatu kikubwa, mtu hujikwaa."

"Jana alipojikwaa wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma kule, chumba cha betri. Nilisikia mvumo umekatika. Wewe ukikaa na mvumo huu maisha yako yote, ukikatika unahisi kama ni moyo wako."

"Na skrini ilikuwa imefungwa?"

"Sijui, mimi si mkuu wa zamu. Siku hizi naomba ruhusa hata ya kubadilisha taa." Alicheka. Hakuna aliyemfuata.

Kobe alivuta kiti cha pembeni, akaketi, akahema kama mama aliyetoka sokoni. "Mjomba, nisaidie. Mimi kompyuta najua kuiwasha tu, nayo hunishinda. Ripoti inataka nieleze jinsi mtu anavyozima mitambo. Huyu binti nimemuuliza, anazungumza kama anafukuzwa. Nimesikia mwalimu ni wewe."

Uso wa Mjomba ulikunjuka. "Nimefundisha wote waliopita chumba hiki. Wote."

"Basi nifundishe na mimi. Usizime kweli, jamani, wagonjwa wapo. Fanya kama unazima. Mkono kwa mkono, nione."

"Tazama hapa." Mjomba alisogeza kiti, akajinyoosha mgongo, na mbele ya macho yao akawa mdogo kwa miaka. "Waendeshaji wa siku hizi wanarukia vitufe. Kazi hii si vitufe. Ukishika mashine, umeshika watu. Kabla hujagusa chochote, kwanza kabisa..."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshapanda begani, bila yeye kutazama, ukakuta simu ya ukutani nyuma yake. Kidole gumba kilibonyeza namba kama mtu anayejikuna. Mkono ukaleta simu sikioni.

Akaganda hapo.

"Kwanza kabisa nini, Mjomba?" Kobe aliuliza.

Kutoka kwenye simu, ndani ya ule mvumo, ikatoka sauti kavu ya mwanamke, wote wakaisikia: "Mitambo? Hapa upasuaji. Tushike kalamu?"

Kidoti alifunika mdomo kwa mkono wa sweta.

"Wodi zote jana zilishtukia giza," Kobe alisema, polepole kama kawaida yake. "Upasuaji peke yao waliambiwa. Walioambiwa wameambiwa kwa simu, na kwa maneno ambayo binti huyu aliyakomesha. Na mume wake aliitwa getini kwa simu yenye mvumo wa chumba hiki. Ulimjua ana wivu?"

"Kila mtu anamjua," Mjomba alisema. "Anakuja kumchungulia mkewe kama mtoto anayechungulia keki. Nilijua ukimchokoza atakuja mbio. Mwenye kidonda anajua mwenzake kinamuuma wapi."

"Mjomba." Kidoti ndiye aliyesema. "Mjomba, mimi nimekukosea nini?"

Alimgeukia, na safari hii hakumwita mwanangu. "Hukunikosea. Ndiyo shida. Simu hii ilikuwa inalia, watu wanauliza: Mjomba yupo? Kompyuta imekwama, Mjomba yupo? Sasa inalia wanauliza: Kidoti yupo? Nikisema hayupo, ni mimi Mjomba, wanasema basi, tutapiga baadaye." Akaitazama ile simu mkononi. "Tutapiga baadaye! Mimi nimekaa hapa, kitu wanachokitaka nakijua tangu wewe huna meno, na wao watapiga baadaye. Nikasema acha aaibike, siku moja tu. Wamtafute wasimpate, wanitafute mimi niwawashie."

"Na mama aliyekuwa mezani?" Kobe aliuliza.

"Ndiyo maana nilipiga." Alisema hivyo kama mtu aliyetukanwa. "Mimi si muuaji. Nilipiga kwanza. Siwezi kuzima kabla sijapiga, mkono hautaki."

"Na wale wa wodi nyingine?"

Mjomba aliinamisha kichwa. Ile simu ilikuwa bado mkononi, na Sista bado anaita: "Mitambo? Mnazima au hamzimi? Nina mtu hapa."

Kidoti alikwenda akaichukua. Vidole vya Mjomba viliiachia kimoja kimoja.

"Sista, hatuzimi. Endeleeni na kazi." Akasikiliza. "Ni Kidoti. Ndiyo, nimerudi. Na Sista, kuanzia leo tutaandika na tutapiga. Vyote viwili. Ninyi wa kwanza."

Mlinzi alimshika Mjomba kiwiko, kwenye kile kiraka cha ngozi. Walipofika mlangoni Kidoti akasema, "Mjomba, koti. Nje kuna joto." Mjomba hakulivua. Alitoka nalo hivyo hivyo kwenye jua, akapita getini mbele ya seremala, na seremala akamtazama mzee mwenye mvi aliyejifunga koti la sufu, kisha akapisha njia, akitafuta kwa macho mwanamume mwingine nyuma yake.

Kobe alipiga kituoni kutoka kwenye korido. "Kobe hapa. Nimepata sababu. Na mtu wake." Akakata kabla hajajibiwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mwendeshaji wa zamu nyingine alikuwa ameitwa kutoka nyumbani, akaja na sweta yake kwapani, akaketi kando ya Kidoti. Alikuwa msichana mpole waliyekuwa wakigawana chai. Kobe alichungulia mlangoni. "Binti, njoo unisainie maelezo. Dakika chache tu."

Kidoti aliinuka. Aliokota mto chini ya meza, akaukung'uta, akaurudisha kitini penye shimo. Akafika mlangoni, akashika mpini, akasimama.

Akarudi. Akainama juu ya meza, mwenzake akimtazama, akafunga skrini.